Waume Arobaini na Wanne wa Bibi Hajulikani

Mwamvua alianza kazi ya kupiga chapa mwaka 1985, katika ofisi moja ya serikali pale Vuga. Walikuwa wanawake sita chumba kimoja, kila mmoja na mashine yake, na mlio wao ulikuwa ukisikika mpaka barabarani. Katika hao sita, yeye ndiye aliyekuwa akisoma anachokipiga. Wenzake waliacha vidole vifuate macho, basi. Yeye, barua ikiwa na walakini, huinuka akairudisha kwa mwenyewe.

"Samahani bwana, ukurasa wa kwanza umeandika Mmanga bin Haji, wa pili Mmanga bin Hija. Huyu ni mtu mmoja au wawili?"

Wakubwa wengine walimshukuru. Wengine walisema mke wa Bakar ana maneno. Bakar mwenyewe, aliyekuwa fundi wa redio na kibanda chake Darajani, akifikishiwa habari hizo hucheka. "Maneno anayo kweli," husema, "lakini hasemi mpaka ahakikishe."

Walikaa Jang'ombe, katika nyumba ya marehemu babake Mwamvua, Mnyamwezi aliyekuja Unguja kubeba mizigo bandarini, akaoa huku na akazikwa huku huku. Bibi yake Mwamvua mzaa mama alikuwa akifua nguo za watu wa mjini. Haya Mwamvua hakuyaficha wala hakuyatangaza. Ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1998 ofisi ilipunguza watu na yeye akawa miongoni mwao. Hakukaa hata mwezi. Mzee Talal wa Kiponda alikuwa akitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri na subira, na mtu mmoja akamtajia yule mama aliyekuwa akirudisha barua.

Baba yake Mzee Talal, marehemu Muhannad, alikuwa mpiga picha. Alifungua studio yake mwaka 1926, na kwa karibu miaka arobaini watu wa mji waliingia mle wakiwa wamevaa nguo zao bora: maharusi, watoto wachanga, mabwana wa mashamba, makarani, timu za mpira, wasafiri wa Hija. Alipokufa aliacha chumba kizima cha picha, nyingine kwenye vioo, zimepangwa ndani ya masanduku ya chai, pamoja na daftari kumi na moja zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mzee Talal hakuwa na mtoto wa kumrithisha kazi hiyo. Akaamua nyumba yenyewe iwe Nyumba ya Picha, watu waje watazame. Lakini kwanza ilibidi ijulikane nani ni nani.

Basi Mwamvua akafundishwa kushika kioo kwa pembe zake, kukipangusa kwa brashi laini na kukitazama mbele ya taa. Kusoma daftari hakuhitaji kufundishwa, maana herufi zile alizijua tangu chuo cha Kurani. Kila picha aliiandikia kadi. Alikuwa na miaka thelathini na saba, na mwenyewe husema kwamba hapo ndipo alipojua kuwa kumbe kazi inaweza kupendwa.

Mwaka 2000 wafadhili walileta kompyuta mbili, na kwa ajili ya kompyuta hizo akaja Abrahman, kijana wa Malindi wa miaka thelathini hivi, aliyesomea mambo hayo Bara Hindi. Abrahman hakutaka orodha ya kawaida. Alisema kuna kanuni za mtandao zilizotolewa mwaka uliotangulia, zinazowezesha nyumba kama yao kuunganisha maarifa yake na ya nyumba nyingine popote duniani.

"Kila unachokijua, Bi Mwamvua, kiseme kwa vipande vitatu tu," alimweleza. "Nani, uhusiano gani, na nani. Picha hii, inamwonyesha, Bwana Hashil. Bwana Hashil, ni baba wa, Ruqaya. Ruqaya, alizaliwa, Malindi. Halafu kila mtu na kila kitu tunakipa anwani yake kwenye mtandao. Anwani ikiwa moja, kompyuta inajua kwamba anayesemwa ni mmoja. Mwisho unapata kama jarife la mvuvi: kila fundo limeshikana na jengine."

Mwamvua alilielewa jambo hilo upesi kuliko Abrahman alivyotarajia. Jang'ombe watu hawajulikani namna nyengine. Huyu mtoto wa fulani, aliyeoa kwa fulani, jirani wa fulani. Akakaa mbele ya kompyuta na kwa miaka mitatu akaingiza picha elfu tatu na mia moja.

Ila fomu aliyoitengeneza Abrahman ilikuwa na sharti moja. Kila mtu lazima awe na anwani, na ukiacha pengo, fomu inakataa kusonga. Sasa, marehemu Muhannad alikuwa mtu wa heshima za zamani. Mwanamume alimwandika jina lake na la babake. Watoto aliwaandika majina. Lakini mke wa mtu hakumtaja katika daftari lake. Aliandika "Bwana Abdulla bin Salim na ahali yake," akaishia hapo. Na waliosimama pembeni, wapishi, mayaya, wachukuzi, hao hakuwaandika kabisa. Kwa hiyo Mwamvua, kila alipofika kwa mtu asiye na jina, aliandika neno moja, "hajulikani," fomu ikaridhika, naye akaendelea.

Mwezi wa Novemba 2003 ikaja barua pepe kutoka kwa mtafiti mmoja wa Ulaya. Mama huyo alikuwa akikusanya maarifa ya nyumba za picha za pwani zote za bahari hii, na alikuwa ameichukua kazi ya Kiponda yote akaiunganisha na nyengine. Abrahman aliitafsiri kwa sauti, Mzee Talal amekaa kitini na kikombe chake, Mwamvua amesimama mlangoni.

"Anasema anatushukuru sana," alisema Abrahman. "Anasema kazi yetu ni safi. Halafu anasema, anaomba maelezo zaidi juu ya Bibi Hajulikani."

"Nani?" aliuliza Mzee Talal.

"Bibi Hajulikani. Anasema ametokea kwenye picha mia tatu na kumi na nane, kuanzia mwaka 1926 mpaka 1964. Hakuna mtu aliyepigwa picha nyingi kama yeye katika pwani nzima. Anasema ameona kwamba aliolewa na waume arobaini na wanne, na pengine mara nyengine alivaa nguo za kiume. Anauliza, je, alikuwa mwimbaji? Au alitoka katika ukoo wa kifalme?"

Mzee Talal aliweka kikombe chini ili asimwagikiwe. Alicheka mpaka akatoa leso. Abrahman naye alicheka, na Mwamvua alicheka pamoja nao, maana kweli lilikuwa jambo la kuchekesha. Waume arobaini na wanne, na mmoja wao sheikh.

Lakini alasiri ile, akirudi Jang'ombe kwa miguu, kicheko kilimwisha. Alimwambia Bakar wakati wakila.

"Nimewafanya watu mia tatu kuwa mtu mmoja."

"Kompyuta ndiyo iliyofanya."

"Kompyuta imefanya nililoiambia. Anwani moja, mtu mmoja. Nlikuwa nnajua. Kila nikiandika neno lile nlikuwa nnajua siyo, nikapita."

Bakar alimsogezea samaki.

Asubuhi Mwamvua alimngojea Abrahman kwenye ngazi. Alitaka kujua kama fomu inaweza kubadilishwa, ili asiyejulikana aachwe bila anwani. Abrahman akamwambia tatizo si fomu. Ni kanuni zenyewe.

"Kwa kanuni za mwaka tisini na tisa," alisema, "mtu asiye na anwani unaweza kumtaja pale pale ulipomwandika, mara moja. Ukishatoka hapo huna njia ya kumrudia. Picha ya pili ukimwona tena, huwezi kuandika kwamba ni yule yule. Ndiyo maana nikalazimisha anwani. Lakini waliotunga kanuni wamekaa kuzipitia upya, na toleo jipya nimelisoma rasimu yake. Wameongeza alama."

"Alama gani?"

"Si jina. Wala si anwani ya kujulikana duniani. Ni alama ya humu humu ndani ya faili letu. Unaweza kumwita m1, m2, vyovyote. Kazi yake ni moja tu, kusema kwamba yule wa picha hii ndiye yule wa picha ile, ijapokuwa hatumjui."

Mwamvua alifikiri. "Yaani ntaruhusiwa kusema, simjui, lakini ni yule yule."

"Naam."

"Na huyu simjui, na yule simjui, lakini ni wawili mbalimbali."

"Naam."

"Na hilo wamelikalia kwa muda gani?"

"Kama miaka mitatu."

"Wangeniuliza," alisema Mwamvua, akaingia ndani kufungua madirisha.

Toleo jipya lilipitishwa Februari 2004. Siku Abrahman alipolijaribu, kikaguzi cha kompyuta kilitoa maonyo maelfu kwa maelfu, kwa sababu maneno ya kanuni ambayo zamani yaliweza kuandikwa peke yake sasa yalitakiwa kila moja litanguliwe na kianzio chake. Mzee Talal aliyatazama maonyo yale yanavyoteremka kwenye kioo cha kompyuta, akadhani kazi yote imeharibika. Abrahman aliandika programu ndogo, akaiendesha, na kabla ya adhuhuri maonyo yote yalikuwa yamekwisha.

"Kumbe rahisi," alisema Mzee Talal.

"Hiyo ndiyo rahisi," alijibu Abrahman. "Kumgawa Bibi Hajulikani hakuna programu inayoweza. Hiyo inataka macho ya mtu."

Macho hayo yalikuwa ya Mwamvua. Alichapisha picha zote mia tatu na kumi na nane kwa ukubwa wa kiganja, akazitandaza juu ya meza ndefu ya chumba cha nyuma na nyengine sakafuni juu ya mkeka. Mzee Talal alimfundisha jambo alilolisikia kwa babake. Uso hudanganya, nguo hudanganya, lakini sikio halibadiliki tangu utotoni mpaka uzeeni. Kwa hiyo wakaanza kutazama masikio. Wanawake wengi walikuwa wamejifunika, basi wakatazama mikono, wakatazama namna mtu anavyosimama. Kulikuwa na mpishi mmoja mwembamba aliyetokea katika picha za karamu sita, kila mara anatazama nje ya picha kama anayesikia chungu kinachemka. Huyo akawa m4. Kulikuwa na mabibi wawili waliofanana mno, na ilichukua wiki kuamua kwamba ni ndugu. Wakawa m11 na m12, na kati yao Mwamvua aliandika uhusiano wa undugu, na pembeni akaeleza kuwa ni dhana.

Ilipokuwa inakaribia mwisho wa Machi alifika kwa m27.

Alianza na mkono. Picha ilikuwa ya mwaka 1927, mtoto mchanga amekaa juu ya kiti kilichofunikwa kitambaa kizito chenye maua. Ukitazama vizuri, kiti hakikuwa kiti. Kilikuwa mtu. Wapiga picha wa zamani walikuwa wakimfunika mlezi kwa kitambaa ili amshike mtoto asianguke wala asitikisike, na katika picha aonekane mtoto peke yake. Chini ya kitambaa kile mkono mmoja ulikuwa umejitokeza, umemzunguka mtoto kiunoni, na kidole kidogo kilikuwa kimepinda kwa ndani kama ndoana.

Kidole kile Mwamvua alikuwa ameshakiona. Alirudi kwenye mkeka, akapekua, akakipata mwaka 1929 kimeshika mwavuli. Akakipata mwaka 1932, kimewekwa juu ya bega la mtoto wa kike mwenye kitabu, na safari hii uso ulikuwepo, pembeni kabisa, nusu yake imekatwa. Kufikia alasiri alikuwa na picha tisa, ya mwisho ya mwaka 1941. Katika tisa zile uso mzima ulionekana mara moja tu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mweusi, mwenye paji pana, amefunga kanga kifuani, na macho yake hayakuwa kwa mpiga picha. Yalikuwa kwa mtoto.

"Yaya wa kwa Bwana Hashil," alisema Mzee Talal alipoitwa. "Andika mtumishi, inatosha."

"Mtumishi ni kazi, Mzee Talal."

"Sasa tutapata wapi jina? Miaka sabini na saba."

"Mtoto je? Daftari limemwandika mtoto."

Lilimwandika kweli: Ruqaya binti Hashil, miezi sita. Bi Ruqaya alikuwa hai, na nyumba yake ilikuwa Malindi, mwendo wa dakika kumi. Kila Idi Mzee Talal alikwenda kumwamkia.

Walikwenda pamoja Alkhamisi. Bi Ruqaya aliwapokea ghorofani, katika chumba cha madirisha mengi, akawapa kahawa na halua. Alikuwa na miaka sabini na saba na miwani mizito, mwanamke mrefu aliyekaa wima kitini.

"Shikamoo, Bi Ruqaya," alisema Mwamvua.

"Marahaba, mwanangu. Talal kanambia umeniletea picha zangu za ujana. Haya, nitie aibu."

Mwamvua alizipanga kwenye sinia mbele yake, moja baada ya moja. Bi Ruqaya alimcheka mtoto mchanga, akaicheka kofia ya babake. Alipofika kwenye picha ya uso mzima aliinua miwani, akaileta karibu.

"Huyu Mama Kheri," alisema.

"Jina lake nani, Bi Ruqaya?"

"Mama Kheri. Sote tukimwita hivyo. Baba, mama, sisi watoto, mpaka muuza maziwa." Aliendelea kuitazama. "Kheri alikuwa mwanawe. Mkubwa kuliko mimi kidogo, alikuwa akinitengenezea vijumba vya makuti ua wa nyuma. Alipobaleghe akapelekwa Nungwi kwa mafundi wa vyombo vya bahari, akajifunze kuunda. Na mimi nilipoolewa, mwaka arubaini na moja, Mama Kheri akamfuata mwanawe. Hatukuonana tena."

"Na jina lake la kuzaliwa?"

Bi Ruqaya aliweka picha chini.

"Kanilea miaka kumi na mitano," alisema. "Kanifundisha kuvaa, kanifundisha kusuka ukili, nilipougua surua kalala chini ya kitanda changu. Jina lake silijui. Wala haikunipitia kwamba silijui, mpaka leo ulivyoniuliza."

Mwamvua alisema la kazi. "Tumepata mengi, Bi Ruqaya. Tulikuwa na mtu mmoja asiyejulikana. Sasa tunaye ambaye ni mama wa Kheri, na Kheri tunalo jina lake na kazi yake."

Jioni ile, kabla ya kufunga, aliyaandika. m27, ni mama wa, Kheri. Kheri, alijifunza uundaji wa vyombo, Nungwi. m27, alimlea, Ruqaya binti Hashil. Aliyasoma tena yote, akaona kwamba kwa mtu asiye na jina, yule mama alikuwa ameshaanza kuwa na watu wake.

Abrahman alikuwa akienda Nungwi kila wiki mbili kutazama kompyuta za hoteli moja ya ufukweni. Mwezi wa Julai alimchukua Mwamvua katika gari yake. Alimwacha karibu na pwani wanakoundia vyombo, akaenda zake hotelini. Mwamvua alisalimia mafundi, akauliza kama kuna anayemkumbuka fundi aliyeitwa Kheri, aliyetoka mjini zamani. Hakuhitaji kuuliza mara ya pili. Mzee aliyekuwa akipigilia kalfati kwenye nyufa za jahazi aliinua mkono bila ya kunyanyua uso, akaelekeza nyumba yenye mlango wa buluu.

Pale alimkuta Mwanakheri, bintiye Kheri, mwanamke wa miaka hamsini na ushei anayesuka mikeka na kuiuza kwa wageni. Kwa watu wa nyumbani alisema Kitumbatu, lahaja ya huko, lakini kwa Mwamvua alisema Kiswahili cha mjini. Alimkaribisha, akampa maji ya dafu, akamsikiliza mpaka mwisho bila ya kumkatiza.

"Baba kafa mwaka themanini na tatu," alisema Mwanakheri. "Bibi mimi sikumdiriki. Alikufa kabla sijazaliwa. Picha yake hatuna. Baba akisema hajapigwa picha maisha yake."

Mwamvua alifungua bahasha, akamwekea picha ya uso mzima juu ya mkeka.

Mwanakheri hakuigusa kwanza. Aliinama akaitazama, kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, akauweka kando ya picha. Kidole chake kidogo kilikuwa kimepinda kwa ndani.

"Mimi na kaka yangu tunacho," alisema kwa sauti ndogo. "Tulikuwa tukiambiwa tumekirithi kwa bibi. Nlidhani ni maneno ya kutupoza tu, watoto wakitucheka."

Alijifuta macho kwa pembe ya kanga, akaita watoto wake waje kuona. Ilipita saa nzima kabla Mwamvua hajapata nafasi ya kuuliza alichokijia. Aliogopa kuuliza. Alijua jibu linaweza kuwa lile lile, kwamba sisi tulimwita Bibi, baba alimwita Mama.

"Jina lake mnalo?"

"Tunalo," alisema Mwanakheri, kama aliyeulizwa kama nyumba ina paa. "Tutakosaje, na kila Shaabani tunamsomea?"

Aliingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo yake imeshachanika. Ilikuwa orodha ya marehemu wa nyumba ile, wanaotajwa kila mwaka wakati wa khitma ili thawabu ziwafikie. Baba yake ndiye aliyeianza. Jina la kwanza kabisa, kwa mwandiko wa Kheri mwenyewe, lilikuwa Mize binti Ubwa.

Mwamvua alilisoma mara mbili, akaomba ruhusa ya kulinakili. Akauliza kama wanapenda liandikwe mahali ambapo watu wa dunia nzima wataweza kulisoma. Mwanakheri alishauriana na kaka yake, aliyekuwa amefika kutoka pwani na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Liandikwe," alisema kaka. "Baba angefurahi."

Kesho yake Kiponda, Mwamvua alifungua faili. Hakwenda kwenye picha tisa kuzibadilisha moja moja. Alikwenda kwa m27 na pale tu, mahali pamoja, akaandika: m27, jina lake, Mize binti Ubwa. Abrahman aliposhusha ukurasa, jina lilikuwa limeshatokea chini ya picha zote tisa, hata ile ya kwanza ambayo ndani yake ulikuwepo mkono tu. Mzee Talal alivaa miwani, akasoma kutoka ya kwanza mpaka ya tisa, kisha akasoma tena kwa sauti.

"Baba hakumwandika," alisema. "Si kwa ubaya. Ndivyo walivyokuwa."

"Sasa kaandikwa," alijibu Mwamvua.

Yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka habari kwa Bi Ruqaya. Bibi yule alilirudia jina lile polepole, kama mtu anayeonja kitu. Akaomba aandikiwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, aitie ndani ya msahafu wake. Na wiki haikuisha akatuma ujumbe Nungwi, kwamba kama Mwanakheri akija mjini asifikie pengine. Mwanakheri alikuja, akakaa siku tatu, na inasemekana walizungumza mpaka Bi Ruqaya akakaukiwa na sauti.

Kazi haikwisha na m27. Walipomaliza kutandua, Bibi Hajulikani alikuwa amegeuka watu mia mbili na tatu, na kufikia mwaka 2007 sitini na mmoja kati yao walikuwa wamepata majina. Wajukuu walikuja wenyewe, wengine na picha zao mikobani. Si wote waliotaka. Mwanamume mmoja wa Mkunazini alimtambua bibi yake katika harusi ya mwaka 1938, akalisema jina, kisha akaomba lisiandikwe, kwa sababu marehemu babu yake hakupenda mkewe atajwe mbele za watu. Mwamvua alimtii. Alimwacha bibi yule na alama yake, m90, na uhusiano wake wote. Jina analijua yeye na Mzee Talal, na hawakumwambia hata Abrahman.

Yule mtafiti wa Ulaya aliandikiwa barua ya kueleza yote, naye akajibu kwa uungwana, akarekebisha upande wake.

Mwaka 2005, kazi hiyo ikiwa bado inaendelea, Mwanakheri aliozesha bintiye. Mwamvua na Bakar walialikwa, wakaenda kwa lifti ya Abrahman, Bakar akiwa amebeba redio aliyomtengenezea kaka wa bibi harusi. Walikaa siku mbili. Walikula pweza na wali wa nazi, wakalala kwenye chumba kilichonukia chokaa mpya, na Bakar alicheza bao na mafundi mpaka akafungwa mara saba mfululizo. Jumatatu asubuhi Mwamvua alikuwa Kiponda saa mbili kamili, ameshafungua madirisha, na sanduku jipya la vioo liko mezani.